Kwa Nini Bingwa Hutaabika



Watu huuliza kwa nini bingwa wa ndondi wa uzito wa juu hutaabishwa na mtu asiyedhaniwa kumweza. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, George Foreman alikuwa ameshinda mara 40 bila kushindwa. Joe Frazier na Ken Norton aliwamaliza katika raundi ya pili. Kazi ndefu hakuizoea. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha apige mpaka achoke. Katika raundi ya nane Foreman akaangushwa.

Wakulima wa mahindi wanalijua jambo hili. Apaliliaye kwa pupa asubuhi, saa sita humkuta hoi, na mistari bado mingi. Nguvu ni akiba. Asiyeipima huishiwa kabla ya kazi kwisha.