Rangi Isifiche Namba: Namna ya Kuitambua na Kuifufua Baiskeli ya Zamani

(Mazungumzo ya fundi mstaafu wa baiskeli mbele ya mafundi, vijana wanaojifunza ufundi na wananchi, Kiomboi, Wilaya ya Iramba)



Nimeombwa nizungumze juu ya baiskeli kuukuu, na huenda wapo wanaojiuliza kama jambo hilo lastahili kikao cha watu wazima. Bodaboda imefika kila kijiji, na baiskeli nyingi za wazee wetu zimeegemezwa ghalani zikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu apite na mizani yake. Hata hivyo, kila siku ya mnada tunaona matenga ya kuku, magunia ya alizeti na madumu ya maji yakiwa juu ya baiskeli. Nyingi kati ya hizo zina umri mkubwa kuliko anayeziendesha, na karibu zote zimekwisha kupakwa rangi mara mbili au tatu. Mazungumzo yangu yanahusu kilichofichwa na rangi hizo.

Nitaanza na kisa kimoja. Mama mmoja aliniletea baiskeli ya kijani, iliyopakwa kwa brashi rangi ileile ya milango. Alisema ni ya marehemu baba yake, aliyefundisha madarasa ya kisomo tangu mwaka 1970, ule uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mzee huyo aliiendesha usiku kutoka kijiji hadi kijiji kwa mwanga wa taa ya dinamo. Mama alitaka niipulizie rangi nyekundu ing'ae, apate kuiendea zahanati na sokoni. Lakini palikuwa na ugomvi. Ndugu yake, mtoto wa baba yake mdogo, alidai kwamba baiskeli ya mzee ilikuwa nyeusi, na kwamba hii ya kijani aliinunua yeye mnadani, akaiacha hapo kwa muda tu. Hivyo watu wa ukoo mmoja waliacha kusalimiana kwa sababu ya rangi.

Nilimwambia mama: rangi nitapaka, lakini kwanza tukisome chuma.

Ndugu mafundi, neno la kwanza ni hili: msianze na rangi wala maandishi ya kubandika. Rangi ni nguo, na yeyote aweza kuibadili. Anzeni na namba ya fremu. Kwa kawaida namba hugongwa kwenye chuma penye kiungio cha juu cha bomba la kiti, au chini ya boksi linalobeba ekseli ya pedeli. Rangi ikiwa nene, namba huonekana kama makovu tu. Msiikwangue kwa bisibisi, maana mtaila chuma na tarakimu zitapotea. Ilainisheni rangi hapo kwa kitambaa chenye thina kidogo, isugueni polepole kwa mswaki wa zamani, kisha wekeni karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli ikiwa imelazwa ubavu. Tarakimu zitajiandika zenyewe kwenye karatasi, nanyi mtakuwa na nakala ya kuhifadhi.

Baada ya namba, tazameni alama ambazo kiwanda kiliziweka ndani ya umbo lenyewe. Baiskeli za barabarani tulizozirithi zilitoka sehemu chache. Za Kiingereza zilitangulia: Raleigh ya Nottingham, Hercules na BSA za Birmingham, pamoja na Humber na Rudge, ambazo baadaye ziliingia chini ya Raleigh. Zikaja Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana nchini India, na Swala yetu wenyewe, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO. Wachina na Wahindi walifuata kielelezo cha Kiingereza: magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za fimbo na fremu iliyolala kwa upole. Ndiyo maana kwa mbali zote hufanana kama mapacha.

Kwa karibu zinatofautiana. Raleigh ilikuwa na beji ya mbele yenye kichwa cha ndege wa jamii ya korongo, na mara nyingi ndege huyohuyo alikatwa katika gia kubwa ya mbele. Gia ya Rudge ilikuwa na umbo la kiganja cha mkono, na ya Humber iliundwa kwa vimtu vidogo. Humber nyingi pia zilikuwa na uma wa mbele wenye mabomba mawili kila upande. Beji ikiwa imeng'olewa, tazameni matundu yake kwenye bomba la mbele. Ipo pia alama ambayo mkono wa fundi huijua kabla ya jicho: kwa muda mrefu Raleigh ilitumia hesi zake yenyewe, 26 kwa kila inchi, ilhali wengine wengi walitumia 24. Bakuli la gololi likikataa kuingia, msilisukume kwa nguvu. Huenda fremu inawaambia jina lake.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Baiskeli iliyotumika miaka 50 si ya kiwanda kimoja tena. Kitovu cha gurudumu cha Sturmey-Archer chenye gia tatu kwa kawaida hugongwa tarakimu mbili za mwaka, lakini mwaka huo ni wa kitovu, si wa fremu. Magurudumu ya kielelezo cha Kiingereza yalikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Mkihesabu tofauti na hivyo, inawezekana gurudumu limebadilishwa. Hilo si aibu. Ni kumbukumbu ya mafundi waliotutangulia, waliofanya kazi kwa walichokuwa nacho. Aibu ni ya anayeijua baiskeli kuwa ya mchanganyiko, akaibandika jina la Raleigh na kuiuza kwa bei ya Raleigh.

Turudi kwa mama yetu. Chini ya kijani tulikuta bluu, na chini ya bluu tukakuta rangi nyeusi ya kiwandani, ngumu kama kioo. Namba ilisomeka yote isipokuwa tarakimu ya mwisho. Nikamuuliza kama mzee aliacha karatasi zozote. Alirudi baada ya siku tatu na bahasha iliyokuwa katika sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ubatizo. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi ya dukani yenye jina la baba yake na namba ya fremu. Tuliilinganisha mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na ndugu yule aliyedai. Tarakimu zote tulizozisoma zililingana. Ndugu yule aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe ndiyo ile ya mzee.” Sikuona dalili kwamba alikuwa mwizi. Nadhani alikuwa amechanganya baiskeli mbili, na rangi ikamsaidia kukosea.

Kazi ya pili ilikuwa ya uhai wenyewe. Kabla ya kupaka rangi, fremu yoyote ya zamani ipimwe kama imepinda na kama ina ufa. Kwa kupinda, chukueni uzi mrefu. Ufungeni nyuma upande mmoja panapokaa ekseli ya gurudumu, uzungusheni mbele ya bomba la usukani, kisha urudisheni nyuma upande wa pili na kuukaza. Pimeni umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, fremu imepinda au sehemu ya nyuma imevutwa upande mmoja.

Kwa ufa, tumieni mafuta ya taa na chaki. Safisheni chuma mpaka kiwe kitupu mahali panapobeba mzigo: kwenye taji la uma wa mbele na chini ya kiungio cha bomba la usukani. Pakeni mafuta ya taa, subirini kidogo, futeni pakauke, kisha nyunyizeni unga wa chaki. Penye ufa mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Katika uma wa baiskeli ya mama mstari ulijichora, kama nusu ya duara. Mtu mmoja kabla yangu aliuona ufa ule, akaujaza gundi na kuufunika kwa kijani.

Fikirini, ndugu zangu. Kama ningetii ombi la kwanza na kupuliza nyekundu, mama yule angeondoka akiwa na furaha na baiskeli inayong'aa. Kisha siku moja, akiwa na mzigo kwenye mteremko wa Sekenke, uma ungekatika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fundi baiskeli, usipouona ufa utachimba kaburi. Uma ule hatukuuchomea. Tuliutupa, tukaweka mwingine mzima uliotoka kwenye baiskeli iliyokufa. Mama alisikitika kidogo kwamba baiskeli ya baba yake haikuwa tena kamili. Nikamwambia kwamba baba yake aliinunua imchukue na kumrudisha nyumbani.

Juu ya usafishaji nitasema kwa ufupi. Rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, kwa hiyo msizisugue zikiwa kavu, wala msifanye kazi hiyo karibu na watoto. Tumieni msasa wa maji na kuzika mabaki mbali na kisima. Kutu nyepesi kwenye usukani na rimu hutoka kwa maji mazito ya ukwaju. Kisha suuzeni, kausheni na kupaka mafuta mara moja. Mkumbuke kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mazoea. Breki za fimbo husukuma mpira kwenye ukingo wa ndani wa rimu. Rimu ikiwa imeliwa na kutu, breki mpya hazitasaidia kitu.

Na rangi je? Ikiwa ile ya kiwandani ingalipo chini, na mwenye mali akiridhia, ondoeni za juu taratibu na kuiacha ionekane, hata kama ina makovu. Mkianza kwa sehemu iliyojificha mtajua kama yaweza kuvumilia. Mama yule, alipoiona nyeusi ya baba yake pamoja na mistari ya dhahabu iliyofifia, hakuitaja nyekundu tena.

Namalizia kwa mambo matatu ninayowaomba. La kwanza, kila fundi awe na daftari, na asipake rangi baiskeli yoyote kabla ya kuandika namba ya fremu, jina la aliyeileta na tarehe. Anayekataa namba yake isiandikwe, arudishiwe baiskeli bila kupakwa. La pili, wanaouziana baiskeli iliyotumika waandikiane karatasi yenye namba hiyo mbele ya shahidi, ikiwezekana kiongozi wa kitongoji au kijiji. Wazee watakumbuka enzi za kulipia kodi ya baiskeli. Kodi hiyo haikupendwa, lakini iliwazoesha watu kuitunza karatasi. La tatu, kabla ya kuipeleka baiskeli ya mzee kwenye mizani ya chuma chakavu, mpelekeeni fundi aisome kwanza. Mizani hujua kilo tu.

Mama yule bado anapita mbele ya kibanda changu siku za mnada, tenga la kuku likiwa nyuma. Wiki iliyopita aliyekuwa akiisukuma baiskeli kupanda kilima alikuwa yule ndugu yake.