Muhuri wa Noteri Unapovuka Mpaka



Hati huaminiwa pale muhuri wake unapojulikana. Noteri wa Kigali anajulikana Kigali. Karani wa Muscat hana njia ya kujua kama mtu huyo ni noteri kweli. Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa kwa mlolongo wa mihuri: wizara, kisha ubalozi, kisha wizara ya upande wa pili. Wengi walichoka njiani, nao waghushi wakapata wateja.

Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 umefupisha safari hiyo kwa nchi zilizojiunga nao. Burundi ilitangulia mwaka 2015. Kwetu Rwanda ulianza kutumika Juni 2024. Hati ya noteri huambatishwa cheti kimoja tu, kiitwacho apostili, kinachotolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka. Askari wenzangu, anayeikataa hati yenye cheti hicho kwa kuwa tu haina muhuri wa ubalozi anamnyima mtu haki yake. Mwenye shaka asome namba ya cheti, kisha aulize mamlaka iliyokitoa. Mkataba wenyewe unailazimu kuweka daftari.

Lakini fahamuni mpaka wa cheti hicho. Husema saini ni ya kweli, aliyesaini alikuwa na cheo hicho, na muhuri ni wake. Hakisemi kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli. Mtu akikujia na hati ya uwakilishi akuuzie shamba la ndugu yake aliye ng'ambo, hata cheti kikiwa safi kabisa, mtafute mwenye shamba umsikie kwa sauti yake, ukaulize na ofisi ya ardhi. Huenda uwakilishi ulikwisha kufutwa.

Barua ya mzazi ya kumruhusu mtoto asafiri na shangazi yake, ikiandikwa nyumbani tu, haipewi apostili. Isainiwe kwanza mbele ya noteri. Nanyi madereva, msihangaike kuitafutia apostili karatasi ya forodha: mkataba umeiacha nje.

Na kabla ya kulipa ada yoyote, ulizeni ofisi itakayoipokea hati. Nchi mwanachama yaweza kupinga kujiunga kwa nyingine, na kati ya hizo mbili mlolongo wa zamani hubaki palepale.