Kabla Hujanunua Datsun ya Zamani

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, na hadi leo wapo wanaoitamani. Kabla hujatoa pesa, inama utazame uvunguni. Adui wake ni kutu: kagua sakafu, chini ya milango na sehemu ya betri. Rangi mpya huficha mengi. Pitisha sumaku, isiposhika, huenda pamejazwa puti. Injini hutengenezeka, lakini bodi iliyooza yaweza kula pesa nyingi kuliko bei ya gari.

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye logibuku, kisha hakikisha jina la mmiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Muuzaji akikataa ukaguzi, aga uondoke.