Lori Kuukuu la Jeshi

Fungueni madaftari, tuanze somo.

Tuseme umenunua lori kuukuu la jeshi, aina ya Bedford QL, nalo limesimama uani kwako, Kawe. Malori haya yalitengenezwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangu 1941 mpaka 1945. Yalipita 50,000. Hubeba tani 3, na injini huweza kuzungusha magurudumu yote manne. Vita ilipokwisha, magari mengi ya jeshi yaliuzwa. Mpango wa Karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulitumia magari ya namna hiyo.

Je, utalitia petroli na kuondoka? La, ngoja kwanza.

Kwanza, tazama chesisi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufifia. Hapo pakwaruze, ukiona tundu, mwite fundi wa kuchomelea. Usipake rangi juu yake. Rangi huficha ugonjwa, haiuponyi.

Pili, breki. Mpira huchakaa hata gari likikaa bure. Badili mipira yote ya breki, na mafuta yake pia, maana mafuta hayo hunyonya maji ya hewani, na maji huleta kutu. Kisha mwenzako akanyage pedali kwa nguvu, nawe utazame mabomba. Pedali ikizama polepole, usitoke.

Tatu, magurudumu. Hapa sikilizeni sana. Rimu ya malori haya ni vipande viwili. Nati za duara la katikati hushika gurudumu kwenye ekseli. Nati za duara la nje hushika vile vipande viwili. Ukizilegeza hizi za nje tairi likiwa na upepo, rimu itapasuka na kuruka. Watu wamekufa kwa kosa hilo. Basi toa upepo wote kwanza, ndipo ushike spana. Huenda nati hizo zilipakwa rangi nyekundu zamani, lakini rangi hufutika. Usiitegemee.

Nne, usukani usiwe na mchezo mwingi, na taa zote ziwake. Kwenye lami, toa gea ya magurudumu ya mbele. Kazi yake ni matopeni.

Mwisho, peleka gari na karatasi zake kwa polisi likaguliwe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea. Na hata pasingekuwa na sheria, kumbuka watoto wa shule wavukao barabara ya Kawe kila asubuhi. Wao hawajui kama breki zako ni nzima. Wewe ndiwe ujuaye.

Maswali ya kujibu daftarini:
1. Kwa nini chuma huliwa upesi karibu na bahari?
2. Utafanya nini kabla ya kushika nati za rimu?
3. Kwa nini mafuta ya breki hubadilishwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.