MTAALAMU WA MAAFA HAANDALIWI SIKU YA MAAFA

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika na marafiki wafadhili



Mada tuliyopewa ni kazi za kitaalamu katika tiba ya maafa na huduma za dharura. Tumeona tuitazame kwa swali linalozigusa kamati zetu moja kwa moja: maafa yakitokea tena hapa Kagera, ni nani atakuwa ameandaliwa, na ni nani atakuwa amemlipia ada?

Mkoa wetu umepata somo hili zaidi ya mara moja. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea kwetu, na mamia ya ndugu zetu walipoteza maisha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu 17, likajeruhi mamia na kuacha familia nyingi bila nyumba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 walinusurika. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini, na Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo.

Ajali ya majini, tetemeko, ajali ya ndege na ugonjwa wa mlipuko: kila moja lilidai wataalamu wa aina yake.

Huruma inahitaji ujuzi

MV Bukoba ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea kichwa chini, na ndani yake kulikuwa na watu walio hai. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Wale waliotoboa walitaka kuokoa. Upungufu haukuwa katika huruma yao, bali katika ujuzi na vifaa vya kazi hiyo. Hata wapiga mbizi wa kusaidia kuopoa miili walitoka Afrika Kusini.

Mwaka 2022 waliofika kwanza kwenye ndege walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ndivyo ilivyo karibu katika kila maafa: jirani hufika kabla ya mtaalamu. Mmoja wa wavuvi hao, kijana Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima, na Rais akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na apewe mafunzo. Agizo hilo lina maana kubwa kwetu. Ujasiri kijana alikuwa nao tayari. Kilichobaki ni mafunzo.

Kuhusu Marburg, mlipuko wa 2023 ulikuwa na wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Ugonjwa huu hauna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Uliozuia usienee ni utaratibu wa watu waliosomea kazi yao: waliopima sampuli maabara, wauguzi waliojua kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, waliosimamia mazishi salama, na wale waliofuatilia watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa, kila mmoja kwa siku 21. Tarehe 2 Juni 2023 mlipuko ulitangazwa kwisha.

Kazi zenyewe ni zipi?

Wazazi wengi wakisikia huduma za dharura hufikiria daktari tu. Kwa kweli milango ni mingi.

Upo ubingwa wa tiba ya dharura. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hii. Njia ni ndefu: miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kazini, kisha miaka 3 ya ubingwa.

Upo uuguzi na utabibu, ambao stashahada yake ni miaka 3 kwa kijana wa kidato cha nne aliyefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Hawa ndio wanaopatikana katika zahanati na vituo vyetu usiku na mchana.

Upo ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko, ambao nchi yetu imekuwa na programu yake maalumu tangu 2008. Upo uteknolojia wa maabara. Yupo afisa afya mazingira, anayehakikisha maji na vyoo katika kambi ya waathirika. Yupo afisa ustawi wa jamii, anayekaa na mama aliyepoteza watoto. Yupo mtu wa ugavi, anayejua dawa zimefika ngapi na zimekwenda wapi. Na wapo askari wa zimamoto na uokoaji.

Kinachowaunganisha wote ni kufanya kazi kwa mpangilio wakati kila mtu anapiga kelele. Basi likipinduka na majeruhi 40 wakaletwa kwenye hospitali yenye wauguzi wanne, wa kwanza kuhudumiwa si anayelia zaidi. Majeruhi hupangwa kwa rangi. Nyekundu ni wa kushughulikiwa mara moja, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani anatembea mwenyewe, na nyeusi ni yule ambaye hatuwezi tena kumsaidia. Mara nyingi aliyenyamaza ndiye mwenye hali mbaya, kwa sababu anayelia angalau anapumua. Uamuzi huo ni mzito sana. Unafundishwa na kuzoezwa, haubuniwi mlangoni pa hospitali.

Je, ajira zipo?

Swali hili wazazi wanatuuliza kila tunapofika, nalo ni la haki. Wapo vijana waliomaliza uuguzi na wako nyumbani wakisubiri ajira. Hatutaki kuwadanganya kwamba cheti ni sawa na mshahara. Lakini ujuzi wa dharura haungoji tetemeko. Unatumika leo kwa kijana aliyeanguka na bodaboda, kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kwa mtoto mwenye malaria kali. Hospitali inayoweza kumpokea mama huyo vizuri siku ya kawaida ndiyo itakayoweza kupokea majeruhi 40.

Tunapendekeza nini?

Kwanza, kila kamati itenge sehemu ya mfuko wake wa maafa kwa ajili ya masomo. Mablanketi na unga vitaendelea kuhitajika, na tutaendelea kuvitoa. Lakini blanketi haliwezi kufunga mshipa unaovuja damu. Usharika usioweza kusomesha kijana peke yake uungane na jirani zake ndani ya jimbo.

Pili, kijana achaguliwe kwa uwazi, kwa matokeo yake ya sayansi na tabia yake, bila kuangalia ni mtoto wa nani. Wasichana wapewe nafasi sawa. Mkataba uandikwe kabla ya ada kulipwa: atarudi kutumikia hospitali au kituo chetu kwa miaka iliyokubaliwa, nasi tutamlipa mshahara unaostahili. Mkataba unaomfunga upande mmoja hautadumu.

Tatu, walioko kazini tayari wapelekwe kozi fupi. Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wana kozi ya huduma ya msingi ya dharura ya siku 5 hivi, iliyotungwa kwa ajili ya vituo visivyo na vifaa vingi kama vya kwetu.

Nne, kwa kuwa jirani hufika kwanza, vijana, wavuvi na waendesha bodaboda wa kila usharika wafundishwe huduma ya kwanza. Namba ya zimamoto na uokoaji, 114, na ile ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga, 115, zibandikwe kwenye mbao za matangazo za makanisa yetu.

Kwa marafiki wafadhili tuna ombi moja. Picha za nyumba zilizoanguka huwagusa wengi, na fedha huja kwa wingi wiki ile. Ada ya mwaka wa pili wa uuguzi haina picha ya kugusa. Tunawaomba mwandamane nasi katika ada hiyo, mwaka hadi mwaka, hadi kijana amalize. Anayeacha katikati hupoteza hata kile kilichokwisha lipwa.

Tunaomba kamati zirudi na majina ya vijana na kiwango ambacho kila usharika unaweza kuchangia, ili mkutano ujao upitishe uamuzi. Kijana atakayeanza stashahada mwaka huu atahitimu baada ya miaka 3. Hatujui maafa mengine yatatokea lini, lakini hesabu ya miaka hiyo 3 tunaijua.