Tarbushi ya Askari: Asili Yake na Maana Yake



Kofia niliyoichagua kuinena jioni hii ni tarbushi, ile ya sufu nyekundu iliyoshindiliwa, isiyo na ukingo, ambayo kwa zaidi ya nusu karne askari wa Kiafrika waliivaa gwarideni katika nchi zetu hizi. Ni rahisi kwa mtu wa pwani, aliyezoea kofia ya viua na kilemba, kudhani kwamba askari hao waliipata kwa Waarabu wa Unguja na Maskati. Lakini haikuja kwa njia hiyo, nami naona historia yetu ya uaskari haifahamiki vyema mpaka tuifuate njia iliyoileta.

Tuanzie Tunis, ambako ufundi wake ulitiwa nguvu na Waislamu wa Andalusi waliofukuzwa Hispania mwaka 1609. Huko wanawake hufuma kofia nyeupe ya sufu, pana kupita kiasi cha kichwa chochote. Kisha hutiwa maji moto na sabuni, ikasuguliwa na kupondwa hata ikasinyaa na nyuzi zake zikashikana zisionekane tena. Hukwanguliwa kwa vichwa vya mbaruti mkavu mpaka iote manyoya laini, na ndipo itiwapo rangi. Kofia iliyopita mikono yote hiyo haikuwa ya kufanyiwa pupa, na naamini ubora huo wa kazi ulichangia kuipa heshima hata kabla dola haijaitia mkononi.

Iliyoitia mkononi ni Dola ya Uthmaniya. Mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili aliliangamiza jeshi kongwe la Yanisari, akaunda jeshi jipya, na tarbushi ikawa kofia ya askari wake. Mwaka 1829 akawaamuru na watumishi wa serikali waivae, wanavyuoni peke yao wakiachiwa vilemba vyao. Mtu asiyejua desturi za Istanbul hawezi kuuona ukubwa wa amri hii. Kabla yake kila daraja ya watu ilikuwa na kilemba chake, hata makaburini jiwe la kichwani lilichongwa kilemba cha marehemu ili mpita njia ajue cheo chake. Na sasa ghafla karani Mwislamu, Mkristo na Myahudi wakafanana vichwani. Tena tarbushi haikumzuia Mwislamu kuweka paji la uso chini katika sijida, jambo ambalo kofia ya Kizungu yenye ukingo isingeliruhusu. Maana yake ya kwanza, basi, ilikuwa ni kuondoa tofauti baina ya raia.

Misri nayo, chini ya Muhammad Ali, iliwavika tarbushi askari wake, na miongoni mwao walikuwamo Wasudani wengi waliotwaliwa kwa nguvu makwao. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa Mahdi wa Sudani mwaka 1885, baadhi yao walibaki Kairo bila kazi, na wengine walikwama kusini pamoja na Emin Pasha, gavana wa Misri huko. Hao wa Kairo ndio aliowaandika Mdachi Hermann von Wissmann mwaka 1889, wapatao 600, akawaleta pwani yetu kupigana na Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wadachi. Na hao wa kusini Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891 akawaingiza Uganda, wakawa shina la jeshi ambalo mwaka 1902 liliunganishwa na mengine likawa King's African Rifles, yaani Keya. Wakaja na tarbushi zao, na vyeo vyao pia: ombasha, shaushi, efendi. Inanihuzunisha kwamba kule Pangani na Bagamoyo Waislamu wa pwani walipigwa risasi na Waislamu wenzao wenye kofia ya Sultani wa Istanbul, kwa amri ya Kaizari wa Berlin.

Hapa kwetu kofia ile ikageuziwa maana. Mdachi aliifunika kwa kitambaa cha kaki akaibandika tai wa madini. Mwingereza naye aliishonea kifuniko chenye kitambaa cha kukinga kisogo, kwani kofia isiyo na ukingo haifai kitu mbele ya jua la vitani. Lakini katika Keya afisa wa Kizungu alivaa kofia ngumu ya jua na viatu, hali askari wake wa tarbushi, awe Mnyasa, Mkamba au Muacholi, Mwislamu au asiye Mwislamu, alikwenda pekupeku au kwa makubadhi. Kitu kilichobuniwa kuwasawazisha watumishi wa dola moja kikawa mpaka kati ya mwenye kuamuru na mwenye kuamriwa.

Uturuki iliipiga marufuku mwaka 1925, na Misri iliiacha baada ya mapinduzi ya 1952. Keya waliendelea kuivaa gwarideni hata mkesha wa uhuru. Tanganyika ilipojitawala Disemba 1961, jeshi likabadilishwa jina, ila mpaka ule haukuondoka, kwani maafisa walio wengi walibaki wale wale wa Kiingereza. Na askari walipoasi Dar es Salaam mwezi wa Januari 1964, pamoja na nyongeza ya mshahara, walichodai ni maafisa Waafrika.