Sinema za Wachora Picha Mashuhuri

 

Leo twapenda kusema nanyi habari za sinema zilizotengenezwa juu ya wachora picha mashuhuri. Huenda mtu wa Nyakanazi akauliza: Jambo hilo latuhusu nini sisi watu wa njia panda, ambao malori ya Kahama, ya Kigoma na ya Rusumo hutupitia usiku na mchana? Latuhusu, maana picha yenyewe iliyochorwa kwa mkono imetundikwa Amsterdam au New York, wala si wengi wetu watakaoifikia. Lakini sinema hutufikia katika kibanda cha video, na siku hizi hata katika simu. Basi yafaa kujua mlango huo waonyesha nini, na waficha nini.

Mwaka 1956 Wamarekani walitoa sinema iitwayo Lust for Life, juu ya Vincent van Gogh, Mholanzi, mwana wa mchungaji wa kanisa, aliyezaliwa mwaka 1853. Aliyemwigiza ni Kirk Douglas. Twamwona kwanza akihubiri kati ya wachimba makaa wa Ubelgiji, halafu akishika brashi, akichora jua na ngano kana kwamba anapigana nazo. Ni sinema nzuri, nasi hatuikatai. Walakini mwisho wake una kasoro. Yaonyesha kwamba alichora shamba la ngano lenye kunguru weusi, kisha papo hapo akajipiga risasi. Wataalamu wa jumba la picha zake huko Amsterdam wasema kuwa picha yake ya mwisho ni nyingine, nayo ni ya mizizi ya miti. Lakini mizizi haina kishindo, na kunguru wana kishindo! Ndivyo walivyo watengenezaji wengi wa sinema: hupenda kifo cha mtu kuliko kazi yake. Huyu alichora kwa muda wa miaka 10 tu, akaacha picha za rangi ya mafuta zaidi ya 800; hata hivyo, mwulize mtu aliyetoka kutazama, naye atakusimulia habari za sikio lililokatwa.

Ipo nyingine ya mwaka 2017, iitwayo Loving Vincent, iliyotengenezwa Poland na Uingereza. Kwanza waigizaji walipigwa picha kama kawaida. Kisha wachoraji zaidi ya 100 wakaketi na kuchora kila kipande kwa rangi ya mafuta, kwa namna ya Van Gogh mwenyewe, picha 12 kwa kila nukta moja ya saa. Jumla yake ilikaribia 65,000. Hadithi yake nayo yahusu kifo, lakini angalau mkono wa mchoraji waonekana kila mahali.

Sasa na turudi kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akafika Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na wa bustani kwa Mzungu. Alianza kuchora picha za kuuza mwaka 1968, naye amekwisha kuwa mtu wa miaka 36. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi ghali. Alichukua vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kujengea, akapaka rangi ya mng'ao, ile ipakwayo baiskeli. Rangi hiyo hukauka polepole. Basi kwanza hupakwa uwanda wote wa nyuma, ukaachwa ukauke, kisha mnyama au ndege, na mwisho hutiwa madoa. Chui wa Tingatinga amejaa ubao mzima, macho yake yakikutazama, wala hana mlima wala mti wa kumsaidia.

Hapa ndipo sinema za Ulaya zinapotupotosha. Zatufundisha kwamba mchoraji wa kweli hana budi kufa na njaa, asiyejulikana na mtu. Tingatinga alichora ili auze, na picha zake ziliuzwa kwa wageni wa Oyster Bay, naye akawafundisha jamaa zake, kina Simon Mpata, Ajaba Abdallah, January Linda na wengine. Je, picha hupungua uzuri kwa kuwa ilinunua unga? Sisi twasema haipungui. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku Dar es Salaam, wakimdhani mwizi anayekimbia. Alikuwa amechora miaka minne tu. Twajua vema kuwa mtengeneza sinema ataanza na usiku ule.

Mwaka 2010 ilianza kuonyeshwa Uingereza sinema ya watoto iitwayo Tinga Tinga Tales, ya vipande 52, iliyotengenezwa Nairobi. Ndani yake wanyama wenye madoa na rangi kali husimulia kwa nini tembo ana mkonga, na mambo mengine kama hayo. Watoto waliipenda. Jina la Tingatinga limo. Yeye mwenyewe hamo. Mtoto wa London aweza kudhani kuwa hilo ni jina la mnyama.

Mwenzake aliyesoma zaidi, Sam Ntiro wa Machame, alifundisha Makerere, akasoma London, na baadaye akawa balozi wetu huko huko. Picha yake ya watu wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku imo katika jumba kubwa la New York. Sisi wa Biharamulo na Ngara hatuhitaji kuelezwa pombe ya ndizi ni nini. Twahitaji kuiona picha tu.

Kati ya sinema zote za namna hii, tuipendayo zaidi ni ile ya Kifaransa ya mwaka 1956 juu ya Pablo Picasso. Karatasi ilikuwa nyepesi hata wino ukapenya, na kamera ikawekwa upande wa nyuma; basi mstari unatokea peke yake, samaki anageuka kuku, kuku anageuka uso wa mtu. Hapana kifo, hapana sikio. Twatamani sana mtu aende hivyo hivyo ng'ambo ya daraja la Rusumo, kule Nyakarambi katika Rwanda, ambako wanawake hufinyanga mavi ya ng'ombe na majivu juu ya ubao, wakainua matuta ya pembe pembe, kisha wakayapaka nyeupe, nyeusi na nyekundu. Kazi hiyo huitwa imigongo. Aweke kamera karibu na vidole, asimwulize mama huyo habari za huzuni zake mpaka tuta la mwisho limekauka.